Spika ndefu, spika fupi na sebule ya Moshi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kusikiliza kabla ya kulipa

Mnunuzi katika kisa hiki ni mwalimu wa kwaya aliyestaafu, mkazi wa Soweto, Moshi. Alikuwa ametenga shilingi milioni 6 za amplifaya na spika. Kompyuta ya kuchezea muziki na DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) alikuwa navyo tayari. Duka lenye alichokitaka liko Arusha mjini, kilomita kama 80 kutoka kwake, na lilikuwa na jozi mbili za mtumba za kampuni zenye jina.

Jozi ya kwanza ni spika ndefu za kusimama sakafuni, kimo sentimita 105, kila moja ina wufa (koni za besi) mbili za inchi 6.5. Karatasi yake ya vipimo inasema desibeli 91 na ukinzani wa omu 4, bei milioni 4.2. Jozi ya pili ni fupi, za kuweka juu ya stendi, wufa moja ya inchi 5, desibeli 86, omu 8, bei milioni 3.4 pamoja na stendi. Amplifaya zilikuwa mbili: moja ya wati 60 kwa milioni 1.6, nyingine ya milioni 3.1 ambayo muuzaji aliisifia kuliko kitu chochote dukani mwake.

Sebule ya mwalimu ina urefu wa mita 5, upana mita 3.6, dari ya jipsamu kwenye mita 2.7, sakafu ya vigae, madirisha mawili ya aluminiamu ya kusukuma, na sofa iliyoegemea ukuta wa nyuma. Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuja kuamua kila kitu, ingawa siku ya kwanza hakuna aliyevitaja.

Dukani

"Shikamoo mwalimu. Kaa hapo katikati, usikilize hii besi halafu uniambie."

"Marahaba mwanangu. Haya, piga."

Muuzaji akapiga spika ndefu dakika mbili, akabonyeza swichi ya kuhamia zile fupi bila kugusa sauti. Fupi zikasikika kama zimelala: besi imepungua, waimbaji wamerudi nyuma hatua tatu. Akazirudisha ndefu. Mwalimu alikuwa karibu kutoa advansi.

Tazama namba tena. Desibeli 91 na 86 ni kiwango cha sauti kwa umbali wa mita 1 spika inapopewa volti 2.83. Amplifaya ikibaki palepale, ndefu zinatoka na desibeli 5 zaidi. Tofauti ya desibeli 1 tu haisikiki kama "sauti imepanda". Sikio huitafsiri kuwa ni usafi, uhai, besi iliyoshiba. Desibeli 5 ni nyingi mno. Tena sikio letu ni zito kwa besi sauti ikiwa ya chini, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933 wakiwa Bell Labs, Marekani. Kwa hiyo ukipandisha kila kitu kwa kiasi kimoja, besi ndiyo inayoonekana kupanda zaidi. Si lazima muuzaji awe mjanja. Wengi wao hawajui kwamba swichi ile inawasaidia kuuza kifaa chenye desibeli nyingi kwenye karatasi.

Usikilizaji ulirudiwa baada ya kusawazisha sauti, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu wengi husema wamesawazisha kumbe wamekadiria kwa sikio.

Unapolinganisha spika na spika, pima kwa kipima sauti kikiwa pale unapokaa. Programu ya simu inatosha, ilimradi ni simu ileile, imesimamishwa kwenye kitu kwa kimo cha sikio, na haishikwi mkononi. Kinachopigwa ni noizi ya pinki (mlio wa "shhh" usiopanda wala kushuka) iliyokatwa ibaki kati ya hezi 500 na 2000, yaani mitetemo kwa sekunde. Muziki unapanda na kushuka, na besi inategemea chumba, havifai kupimia. Ndefu zilisomeka desibeli 75 namba ya sauti kwenye amplifaya ikiwa −38. Fupi zilifika 75 kwenye −33. Namba hizo mbili zikaandikwa kwenye selotepu na kubandikwa juu ya amplifaya, na tangu hapo kila anayehamisha swichi anagusa na rimoti.

Unapolinganisha amplifaya na amplifaya kwenye spika zilezile, simu haitoshi. Tumia multimita, iweke kwenye AC (umeme wa kubadilika), vidole vyake kwenye tundu za spika, piga toni ya hezi 200 (multimita nyingi za bei nafuu hudanganya kuanzia hezi mia kadhaa na kuendelea), sawazisha kwenye volti 2.00. Zikitofautiana kwa volti 0.02 uko ndani ya desibeli 0.1, na hapo sikio halina la kulalamikia.

Mambo mengine mawili yalikuwa yanapotosha. Muuzaji alikuwa akipiga kutoka simu yake kwa Bluetooth, na nyimbo alizochagua ni zile za sauti moja na gitaa moja zinazopendeza kwenye spika yoyote. Mwalimu alirudi na flashi yake yenye faili za FLAC zisizopunguzwa, nyimbo sita tu, zote anazozijua hadi pumzi. Pili, alirudi saa 2 asubuhi. Saa za mchana mlango unakaa wazi na bodaboda wanapita. Kipima sauti kilisoma desibeli 54 bila muziki wowote. Asubuhi ilikuwa 41. Vitu vidogo vinavyotofautisha spika nzuri na nzuri zaidi vinaishi humo kwenye hizo desibeli 13.

Nini cha kusikiliza

Mwalimu wa kwaya ana mali ambayo wanunuzi wengi hawana: anajua sauti za watu arobaini zinavyosikika bila kipaza sauti, kanisani, kila Jumapili. Hicho ndicho kipimo chake. Asiyekuwa nacho aende akasikilize kwaya mazoezini kabla ya kwenda dukani, kwa sababu anayelinganisha spika na spika bila kujua kitu halisi anaishia kuchagua ile yenye mbwembwe.

Rekodi ya kwaya ya Kiswahili ni chombo kizuri cha kupimia kwa sababu lugha yenyewe imejaa "s" na "sh". Ushu huo unakaa juu, kiasi cha hezi 5000 hadi 8000, eneo la twita, spika ndogo ya sauti za juu. Waimbaji arobaini hawamalizi "sh" kwa wakati mmoja. Kuna waliowahi na waliochelewa. Twita nzuri inakuonyesha huo mchangamano, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Twita mbaya inaubana kuwa mkwaruzo mmoja, "tss", na baada ya dakika ishirini unatamani kupunguza sauti bila kujua kwa nini. Hamu hiyo ya kushika rimoti ni ushahidi kuliko maoni yoyote. Iandike na dakika iliyotokea.

Kisha sikiliza alto na tenori. Soprano na besi hupata nafasi kwenye spika yoyote, ila sauti za kati ndizo zinazomezwa. Baada ya kusawazisha, spika fupi zilitenganisha tenori na alto vizuri kuliko ndefu, na mwalimu alilitaja hilo kabla hajaulizwa. Ndefu bado zilikuwa na besi ya chini ambayo fupi hazina kabisa. Tofauti ilikuwa imepungua sana, lakini ilikuwepo.

Kwa besi yenyewe, usisikilize wingi. Sikiliza kama noti za gitaa la besi zinalingana ukubwa zikipanda na kushuka, na kama kila noti inakoma inapokatwa. Wimbo wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea unafaa kuliko muziki wa kisasa wenye besi ya noti mbili.

Usikilizaji mmoja usizidi dakika 40. Kiwango cha wastani kikae desibeli 75 hadi 80. Juu ya hapo sikio huchoka na kuanza kupenda chochote kisichouma.

Mikono kwenye chombo

Kabla ya kuzungumza bei, spika za mtumba hukaguliwa zikiwa zimezimwa. Ukingo wa koni ukiwa wa sponji, uguse taratibu: ukimeguka au ukinata kama gundi, umekufa. Halafu weka vidole vinne kuzunguka kifuniko cha katikati, sukuma koni ndani milimita chache ikiwa sawa pande zote, uiache irudi. Inatakiwa iende kimya.

Wufa ya chini ya spika ndefu ya kulia haikwenda kimya. Ulitoka mkwaruzo mwembamba, kama msasa laini juu ya karatasi. Kwa kuthibitisha ikapigwa toni ya hezi 40 kwa sauti ya chini, na mkwaruzo ukajitokeza juu ya toni. Sababu ilionekana kwenye gundi: ukingo ulikuwa umebadilishwa, na aliyeubandika hakuweka koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) katikati ya sumaku. Nafasi pale ni chini ya milimita moja kila upande, kosa dogo la gundi linatosha kuifanya isugue. Ukiipiga hivyo miezi kadhaa, vanishi ya waya inalika na koili inaungua.

Si kasoro ya kukimbia. Fundi anakata kifuniko cha katikati, anazungushia koili vipande vyembamba vya plastiki ili ikae sawa (ekserei ya zamani iliyokatwa inafaa), anabandika ukingo upya, anaacha gundi ikauke siku nzima, ndipo anavichomoa. Duka lilifanya hivyo kwa gharama yake. Lakini kama mwalimu angelipa siku ya kwanza, hiyo ingekuwa kazi yake.

Ukinzani ulipimwa kwa multimita kwenye tundu za spika: ndefu omu 3.3 na 3.4, fupi 6.1 na 6.0. Spika ya omu 8 husoma chini ya 8 kwa kipimo hiki, usishtuke. Shtuka jozi ikitofautiana sana, au isome chini kabisa au isisome kitu.

Kwenye amplifaya ya milioni 1.6, spika zilichomolewa, sauti ikashushwa hadi chini, ikaachwa ikiwaka dakika 15, kisha multimita kwenye DC ikapima tundu zake za spika. Kushoto ilikuwa milivolti 14, kulia 78. Chini ya 50 hapana neno. Ikipita 100 usiichukue bila fundi kuifungua, kwa kuwa umeme huo wa moja kwa moja unasukuma koni itoke katikati na kupasha koili moto. Hii 78 ilikuwa kwenye mpaka. Ndani kulikuwa na skrubu ndogo ya kurekebisha, fundi akaishusha hadi 9. Kizungushio cha sauti hakikuwa na mikwaruzo.

Amplifaya ya milioni 3.1 ilikuwa na tatizo la aina nyingine, lililoandikwa nyuma yake kwa herufi ndogo: volti 100. Ni ya soko la Japani. Kwenye umeme wetu wa volti 230 inahitaji transfoma ya kushusha, nzito na yenye nguvu ya kutosha, na siku mtu wa nyumbani atakapoichomeka moja kwa moja ukutani, ndiyo siku ya mwisho ya amplifaya hiyo. Kibandiko cha volti kisomwe kabla ya jina la kampuni.

Siku tatu za nyumbani

Duka lilikubali kuazimisha jozi zote mbili na amplifaya zote mbili kwa siku tatu, kwa advansi ya shilingi laki 8. Karatasi iliandikwa: namba tambulishi (serial) ya kila kifaa, picha za mikwaruzo iliyokuwepo, nani analipa kikiharibika njiani, saa ya kurudisha. Duka likikataa kabisa kuazimisha, omba basi muuzaji azilete mwenyewe na umlipe usafiri. Vifaa vya mamilioni visivyoweza kusikilizwa nyumbani kwako vinunuliwe kwa bei ya kubahatisha.

Spika ndefu zilisafiri zimelala chali kwenye godoro, koni zikitazama juu, kwenye Noah, kwa sababu ya matuta.

Nyumbani, spika ndefu zilizokuwa mfalme wa Arusha zikaanza kuvuma. Gitaa la besi lilipofika noti fulani, sebule nzima iliitikia. Zikapigwa toni moja moja kutoka hezi 30 hadi 120, simu ikiwa kwenye sofa. Karibu na hezi 68 kipimo kiliruka desibeli 9 juu ya majirani zake.

Hesabu yake ni fupi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba: 343 gawanya kwa 10, unapata hezi 34. Huo ndio mvumo wa kwanza wa chumba cha mita 5, yaani toni ambayo chumba chenyewe huikuza. Wa pili ni mara mbili yake, 68.6. Mivumo hiyo huwa na nguvu zaidi kwenye kuta, na sofa ilikuwa ukutani. Duka la Arusha lina urefu wa mita 9 na zulia; mivumo yake ilikuwa kwingine kabisa.

Mvumo wa pili hufa kwenye robo ya urefu wa chumba, yaani mita 1.25 kutoka ukutani. Sofa ikavutwa mpaka kichwa cha msikilizaji kikawa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma. Mruko wa hezi 68 ulishuka kutoka 9 hadi 3. Hakuna waya, hakuna stabilaiza, hakuna amplifaya ya bei yoyote inayofanya kazi hiyo.

Fupi zilifaidika kwa kusogezwa huko sawa na ndefu. Tofauti ni kwamba ndefu ziliendelea kuuamsha ule mvumo wa hezi 34 kila besi ya kinanda iliposhuka, na sofa kusogea mita moja hakuuondoi. Tena zilihitaji kukaa sentimita 80 au zaidi kutoka ukuta wa mbele, na sebule hii, baada ya sofa kuja mbele, ilizipa 40. Fupi zilikaa kwenye 70 bila kumzuia mtu kupita.

Vigae navyo vilidai haki yao. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia "tiing" inayorukaruka, ushu wa waimbaji utakuwa unapigwa na kurudishwa hivyohivyo. Zulia nene la mita 2 kwa 3 kati ya spika na sofa, na mapazia mazito, viliimaliza. Mkeka ulijaribiwa kwanza, haukusaidia, ni mwembamba.

Usiku wa pili ulifanyika usikilizaji wa kutoona. Chandarua kilichokunjwa mara mbili kilitundikwa mbele ya spika, taa ya upande ule ikazimwa na ya upande wa msikilizaji ikawashwa. Jicho halioni nyuma ya neti na sauti inapita. Kitenge kisitumike, kimebana na kinakula sauti za juu. Mjukuu alirusha sarafu ya shilingi mia kuamua ipi ianze, akapiga sekunde 30 za kwanza, akahamisha swichi na namba ya sauti, akapiga sekunde 30 zilezile.

"Babu, ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili. Tenori wangu wamerudi."

Baada ya raundi tano jozi zilibadilishana nafasi, ili ushindi usiwe wa mahali. Kati ya raundi 10 mwalimu alichagua fupi mara 8. Kwa kubahatisha tu, mara 8 au zaidi hutokea kama mara 1 kati ya 18, kwa hiyo si ushahidi wa chuma, lakini ulielekea upande uleule na alichokisema dukani.

Amplifaya zililinganishwa kwa spika fupi, ile ya Japani kwenye transfoma yake, volti zikisawazishwa kwa multimita. Hapa swali lilikuwa kutambua tu ipi ni ipi. Alipata 5 kati ya 10. Milioni 1.5 za tofauti zikaishia hapo.

Kuhusu umeme: saa 2 usiku multimita ilisoma volti 209 ukutani. Nguvu ya juu ya amplifaya ya kawaida hupungua kwa mraba wa uwiano huo, yaani inabaki kama asilimia 83, hasara isiyofika desibeli 1, na tena pale tu unapopiga mpaka mwisho. Stabilaiza inunuliwe kwa kulinda vifaa umeme unaporudi kwa kishindo, si kwa sauti. Waya wa spika ulikuwa flexi ya milimita 2.5, mita 4 kila upande. Kwenye spika ya omu 8 unapoteza chini ya desibeli 0.1. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.

Je, wati 60 zinatosha spika za desibeli 86? Wati 60 huongeza karibu desibeli 18, jozi huongeza 3, umbali wa kama mita 3.2 huondoa 10: inabaki 97 kwenye vilele. Kwaya inayosikilizwa kwa wastani wa 75 ina vilele vya 90 na kidogo. Zinatosha, na chenji inabaki.

Mwalimu alilipa milioni 4.8 kwa spika fupi, stendi na amplifaya ndogo, punguzo la laki 2 likitokana na ile milivolti 78 iliyoandikwa kwenye karatasi ya duka. Sakafuni zimebaki alama sita za selotepu: mbili za stendi, nne za miguu ya sofa. Wageni wakija sofa inarudishwa ukutani, wakiondoka inavutwa tena hadi kwenye alama.